Kipandauso na tiba ya Kichina: sindano, dawa za kuchemsha au kukandwa, uanze na ipi?

Mgonjwa wa kipandauso anayeingia kliniki ya tiba ya Kichina mara nyingi hupewa kila kitu kwa mpigo: sindano nyembamba zisizo na dawa (akupancha) siku hiyohiyo, mfuko wa mitishamba wa kwenda kupika nyumbani, chupa ya vidonge, na miadi ya kuumikwa wiki inayofuata. Mwezi ukiisha, kama amepata nafuu hajui kilichomsaidia, na kama ini au figo zimeguswa hajui kilichomdhuru. Tiba hizi hazifanyi kazi moja, hazijapimwa kwa kiwango kimoja, na hatari zake hazilingani hata kidogo. Tunaziweka hapa moja kando ya nyingine, na msimamo wetu tunautaja mapema. Anayetaka kupunguza siku za maumivu aanze na sindano peke yake. Mitishamba ifuate pale tu ambapo kila kilichomo kina jina. Kukandwa na kubonyeza pointi, yaani sehemu maalumu za mwili, ni msaada wa pembeni. Vidonge visivyo na orodha ya viambato visimezwe kabisa.

Kwanza, ni kipandauso kweli?

Kipandauso kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72. Mara nyingi hushika upande mmoja, hupwita, huzidi mtu akipanda ngazi, na huja na kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Baadhi ya watu hutanguliwa na dalili za macho, kama vimulimuli, mistari ya meno ya msumeno au sehemu ya kuona kuziba, kwa dakika 5 hadi 60.

Maumivu yanayolipuka ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika moja si ya kupelekwa kwa tabibu wa sindano. Wala kichwa chenye homa na shingo ngumu, au kinachoambatana na mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, au kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, au kinachompata mjamzito mwenye presha. Hao waende hospitali saa hiyohiyo. Kwa msomaji aliye Tanzania, Kongo au Uganda, kichwa pamoja na homa maana yake ni kupima malaria kabla ya jambo lingine lolote.

Kuna mtego mwingine unaoharibu matokeo ya kila tiba. Anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, au dawa za kukata kipandauso za jamii ya triptani, ergotamini, na zile za mchanganyiko zenye kodeini au kafeini siku 10 au zaidi, kwa miezi zaidi ya mitatu, huenda kichwa chake sasa kinaendelezwa na dawa zenyewe. Hilo lishughulikiwe na daktari kwanza, la sivyo atalipia sindano 10 na kuona kama hazina maana.

Kuzuia au kutuliza?

Unataka kichwa kisije, au kimeshakuja na unataka kishuke? Wauzaji wengi hawaulizi, ilhali jibu ndilo linaloamua.

Jaribio moja la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2003 liliwachukua wagonjwa 179 ambao kipandauso kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza. Waliochomwa sindano za Kichina, asilimia 35 hawakupata shambulio kamili ndani ya saa 48. Waliodungwa sumatriptani, mojawapo ya triptani, walikuwa asilimia 36, na waliodungwa dawa bandia isiyo na kitu ndani asilimia 18. Hadi hapo sindano na dawa ni ngoma droo. Lakini kwa wale ambao shambulio lilifika kileleni licha ya tiba ya kwanza, hesabu iligeuka: sumatriptani iliwaondolea maumivu 17 kati ya 31, sindano 4 tu kati ya 31. Kichwa kikishashika sawasawa, dawa ya hospitali iko mbele kwa mbali. Kuvumilia kitandani ukisubiri miadi ya sindano ya kesho ni kujitesa bure.

Katika kuzuia, mambo ni tofauti.

Sindano: iliyopimwa zaidi

Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 22 yenye washiriki 4,985. Kipimo kilikuwa ni watu wangapi walipungukiwa na kipandauso kwa nusu au zaidi. Walipolinganishwa na wasiochomwa kabisa, walikuwa 41 kati ya 100 dhidi ya 17. Walipolinganishwa na sindano za kuigiza, yaani zinazochomwa juujuu au mahali pasipo na pointi, walikuwa 50 dhidi ya 41. Dhidi ya dawa za kuzuia, baada ya miezi mitatu walikuwa 57 dhidi ya 46, na baada ya miezi sita 59 dhidi ya 54.

Zisome namba hizo kwa makini, kwa sababu zina pesa yako ndani yake. Pengo kati ya sindano halisi na za kuigiza ni dogo. Maana yake, mahali hasa sindano inapoingia panachangia kidogo kuliko wanavyodai wanaouza "pointi za siri" kwa bei ya juu. Pengo kubwa liko kati ya kuchomwa na kutochomwa. Kwa hiyo lipia usafi, mkono uliofunzwa, na idadi ya kutosha ya vikao.

Kikao cha kawaida huwa hivi. Sindano ni nyembamba, unene wa milimita 0.25 hivi na urefu wa milimita 25 au 40. Kichwa cha pembeni kwa kawaida hutibiwa kwa Fengchi, iliyo kwenye kibonde chini ya mfupa wa kisogo kila upande. Shuaigu, juu ya ncha ya sikio. Na Taiyang, kwenye kibonde cha panja. Huongezwa Waiguan, upana wa vidole vitatu hivi juu ya kifundo cha mkono kwa nyuma, na Zulinqi kwenye mgongo wa wayo, kati ya mifupa ya kidole cha nne na cha tano. Hegu mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, na Taichong mguuni, kati ya kidole gumba na cha pili, huchomwa pamoja kwa aliyejaa hasira na mkazo. Kwa kichefuchefu huongezwa Neiguan, upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu hivi juu ya kifundo. Tabibu huzungusha sindano mpaka uhisi uzito, ganzi au maumivu ya butu yanayosambaa, kisha huziacha dakika 20 hadi 30.

Ratiba ndipo wengi wanapoharibu. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unazungumzia hadi vikao 10 ndani ya wiki 5 hadi 8, iwapo dawa za kuzuia za topiramati na propranololi hazifai au zimeshindwa. Hospitali za China huchoma mara nyingi zaidi: jaribio moja lililochapishwa 2017 lilitumia vikao 20 ndani ya wiki 4. Mtu anayechomwa mara tatu kisha akasema "hazinifai" hajajaribu. Na anayeambiwa aendelee na kikao cha 30 bila nafuu yoyote anaibiwa.

Kinachoweza kwenda kombo kinajulikana. Kuzirai hutokea zaidi kwa aliyekuja na njaa au aliyechomwa akiwa ameketi. Kula kitu saa moja kabla na omba uchomwe ukiwa umelala. Michubuko ya panja ni ya kawaida na haina madhara. Fengchi ni pointi ya kuheshimiwa: sindano ielekezwe kwenye ncha ya pua na isizame zaidi ya sentimita 2.5 hivi, kwa sababu nyuma yake kuna mshipa mkubwa wa damu na shina la ubongo. Pointi za begani, hasa Jianjing, zikichomwa kwa kina hutoboa pafu. Maumivu ya kifua au pumzi kukatika baada ya kikao ni dharura. Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine hueneza homa ya ini aina ya B na C, na VVU. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako na sindano itupwe kwenye boksi la vyenye ncha kali. Ikitoka kwenye chombo cha spiriti, vaa viatu uondoke. Mjamzito asichomwe Hegu wala Sanyinjiao, iliyo mguuni juu ya kifundo cha ndani. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiunganishiwe umeme kwenye sindano.

Mitishamba: nguvu ipo, na hatari ipo

Hapa ushahidi ni mwembamba. Majaribio mengi ni madogo, na kila moja lina mchanganyiko wake. Kinachofanya mitishamba iwe ngumu kuchagua ni kwamba hakuna "dawa ya Kichina ya kipandauso" moja. Tabibu hutafuta sura ya ugonjwa: maumivu yako wapi, ulimi una rangi gani, mapigo ya mkononi yakoje, baridi au joto lipi linakuzidishia. Akikwambia "ini limepanda" hazungumzii homa ya ini. Ni lugha ya mfumo wao, inayokusanya hasira, presha, macho mekundu na kichwa cha pembeni.

Sura nne hukutana nazo mara kwa mara, na kila moja ina mchanganyiko wake.

Aliyepata kichwa baada ya kupigwa na upepo na baridi, chenye kukaza hadi kisogoni, hupewa Chuanxiong Chatiao San, ya tangu enzi za ufalme wa Song wa China (karne ya 10 hadi 13). Ina chuanxiong, baizhi, qianghuo, fangfeng, jingjie, mnanaa, gancao na xixin. Ni unga wa takriban gramu 6 kwa mara, unaoshushwa kwa chai ya kijani. Haikuundwa kwa matumizi ya miezi, na haimfai mwenye presha ya juu na uso mwekundu.

Huyo mwenye presha na uso mwekundu, aliye na kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu na mdomo mchungu, hupewa Tianma Gouteng Yin, iliyotungwa katikati ya karne ya 20. Ina viambato 11, vikiwemo tianma gramu 9, gouteng gramu 12 na shijueming gramu 18. Aina hii inataka umakini jikoni, tutaieleza.

Aliye na maumivu ya utosi, mikono baridi na kutapika mate mepesi hupewa Wuzhuyu Tang, ya karibu miaka 1,800 iliyopita: wuzhuyu, ginsengi, tangawizi mbichi nyingi na kunazi za Kichina. Japani huitumia hadi leo kwa kipandauso, kama chembechembe za kiwandani zinazolipiwa na bima ya taifa. Ni chungu mno. Mgonjwa mwingine huhisi kifua kubana au kichwa kuzidi kwa muda mfupi baada ya kuinywa, kwa hiyo inywewe ya uvuguvugu, kidogokidogo, kisha ulale.

Kichwa cha miaka mingi kinachochoma mahali palepale kama kisu, na ulimi wenye madoa ya zambarau, hupewa Xuefu Zhuyu Tang ya tabibu Wang Qingren, ya karne ya 19. Hii husukuma damu. Mjamzito asiiguse, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse pia: mzizi wa danggui uliomo huongeza nguvu ya dawa hiyo na kuleta hatari ya kuvuja damu.

Sasa jikoni. Tumia sufuria ya udongo, enameli au chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida na aluminiamu huchanganyika na dawa. Loweka mchanganyiko dakika 30 kwenye maji baridi yaliyouzidi vidole viwili. Kwa Tianma Gouteng Yin, shijueming, ambayo ni gamba la konokono wa baharini, hupondwa na kuchemshwa peke yake dakika 20 hadi 30 kwanza, kwani gamba halitoi kitu kwa haraka. Mizizi huingia baadaye na kuchemka kwa moto mdogo nusu saa. Gouteng, vile vijiti vyenye ndoana, hutiwa mwishoni kabisa, dakika 5 hadi 10 tu; ikipikwa zaidi ya dakika 20 nguvu yake hupungua. Chuja, ongeza maji, chemsha tena dakika 20, changanya maji ya mara zote mbili na ugawe asubuhi na jioni. Chuanxiong Chatiao ikichemshwa badala ya kusagwa ni kinyume chake: robo saa inatosha, na mnanaa dakika 5 za mwisho, maana kinachofanya kazi ni mafuta yake yanayopaa na mvuke. Wengi hupika dawa zote kwa saa nzima kama maharagwe, halafu hushangaa.

Tianma ni ghali, na ghali huzaa bandia. Viazi mbatata vilivyokaushwa huuzwa kwa jina lake. Ya kweli, ikiwa nzima, ina kichipukizi chekundu-kahawia kwenye ncha moja kilichopinda kama mdomo wa kasuku, kovu la duara kama kitovu kwenye ncha nyingine, na pete za vidoti zinazoizunguka. Ikivunjwa, ndani huangaza kama pembe, haitoi unga mweupe. Ikiwa imeshakatwa vipande vidogo, huna njia ya kuijua, nunua nzima.

Halafu hatari za kweli. Xixin ina asidi ya aristolokiki, inayoua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake wa Ubelgiji waliopewa vidonge vya kupunguza uzito vyenye mmea wa jamii hiyo waliharibikiwa na figo, na wengine wakapata saratani. China sasa inaruhusu mzizi wa xixin pekee, kwa gramu 1 hadi 3. Sisi tunashauri mchanganyiko utengenezwe bila xixin kabisa. Baizhi inatosha kushika nafasi. Yejiaoteng, iliyomo ndani ya Tianma Gouteng, hutoka kwenye mmea uleule wa heshouwu ambao umehusishwa na kuumia kwa ini. Anayetumia zaidi ya wiki nne apime ini na figo kabla na baadaye. Ukiona "chuanwu" au "caowu" kwenye orodha, kataa: ni akoniti, sumu ya moyo, inayotegemea kupikwa kwa saa nyingi ili isiue. "Zhusha" ni madini yenye zebaki.

Mikono, chuku na kukwangua

Tuina, ukandaji wa Kichina wa dakika 20 hadi 30 shingoni na mabegani, huwafaa wale ambao kichwa huanzia kwenye misuli iliyokaza. Usikubali shingo kusokotwa kwa ghafla mpaka ilie. Mshipa wa damu unaopanda ubongoni unaweza kuchanika na kuleta kiharusi.

Kubonyeza mwenyewe hakugharimu kitu. Bonyeza Fengchi kwa vidole gumba, kichwa kimeinama nyuma kidogo, dakika moja hadi mbili. Hegu kila mkono muda huohuo. Neiguan kwa kichefuchefu. Fanya pale dalili za kwanza zinapoanza. Ngozi ya kichwa ikishakuwa inauma hata kwa kuguswa na kitana, achana na kichwa, bonyeza mikono na miguu tu.

Mbegu za sikioni, punje za wangbuliuxing zilizogandishwa kwa plasta, hubonyezwa mara kadhaa kwa siku na kutolewa baada ya siku 3 hadi 5. Hazina hatari ila ngozi kuwasha.

Kuumikwa, ambako watu wa pwani wanakujua kwa chuku na hijama, hulegeza mabega lakini kwa kipandauso ushahidi wake ni hafifu. Kikombe kisizidi dakika 10. Kile cha moto huunguza ngozi tabibu akiwa mzembe, na cha kutoa damu kina hatari ileile ya sindano chafu. Gua sha, kukwangua shingo kwa kibao laini na mafuta, huacha wekundu wa siku kadhaa. Usirudie mpaka ufutike. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu aviache vyote viwili.

| Njia | Inafaa zaidi kwa | Uamuzi baada ya | Hatari kuu |
|---|---|---|---|
| Sindano | Kuzuia | Vikao 8–10 | Sindano chafu, pafu |
| Mitishamba | Kuzuia, kwa sura iliyo wazi | Wiki 4 | Figo, ini, kugongana na dawa |
| Tuina, kubonyeza | Mwanzo wa shambulio, shingo ngumu | Siku hiyohiyo | Kusokotwa shingo |
| Chuku, gua sha | Mabega yaliyokaza | Vikao 3 | Kuungua, michubuko |

Kando ya dawa za hospitali

Propranololi na amitriptilini, dawa za kuzuia kipandauso, ni rahisi kupatikana na bei yake ni ya chini, jambo ambalo mtu asilidharau. Propranololi haimfai mwenye pumu. Amitriptilini huleta usingizi na mdomo kukauka. Anayeziweza na anayepata nafuu hana sababu ya kuziacha akimbilie sindano. Sindano zinaanza kuwa chaguo zuri kwa yule ambaye dawa zimemshinda kwa madhara, na kwa mjamzito aliye chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa dawa nyingi za kuzuia hazimfai. Mwanamke anayeona vimulimuli kabla ya kichwa na anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni aliseme hilo kwa daktari kabla ya lolote, kwani viwili hivyo pamoja huongeza hatari ya kiharusi, na hakuna pointi inayoliondoa hilo.

Zanzibar ina historia yake hapa: timu za madaktari kutoka mkoa wa Jiangsu zimekuwa zikija tangu 1964. Popote ulipo Afrika Mashariki, tabibu aonyeshe usajili wake, na dawa ionyeshe usajili wake. Chupa yenye maandishi ya Kichina pekee irudishwe kaunta. Kidonge "cha asili" kinachokata maumivu ndani ya nusu saa kila mara kitilie shaka: bidhaa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimetiwa dawa za maumivu au steroidi kimyakimya.

Kabla ya kikao cha kwanza, andika wiki nne kwenye daftari: tarehe, saa kilipoanza na kilipoisha, upande, hedhi, dawa ulizomeza. Endelea kuandika wakati wa tiba, ukibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukifika kikao cha 10, hesabu siku za maumivu za wiki nne za mwisho. Zikiwa zimepungua kwa theluthi moja au zaidi, tanua nafasi hadi kikao kimoja kila wiki mbili, kisha kila mwezi. Zikiwa palepale, acha sindano. Na kama unatumia propranololi, usiikate ghafla kwa kuwa tu sindano zimeanza kusaidia, maana moyo huweza kwenda mbio na presha kupanda; daktari aliyekuandikia aishushe polepole ndani ya wiki kadhaa.